Tarehe Moja, Matukio Kibao: Maswali Mnayouliza Sana

Wadau, kila nikirusha ile posti yangu ya "leo katika historia" asubuhi, ya matukio yaliyotokea tarehe kama ya leo, maswali yanayorudi ni yale yale, nikaona bora niyajibu yote hapa mara moja. Niko Dodoma, nafundisha historia, kwa hiyo mifano mingi itatoka huku kwetu kanda ya kati, ila na ya nje imo.

Hivi matukio makubwa kuangukia tarehe moja ni bahati tu au kuna watu wanapanga?

Vyote viwili, na hili ndo swali la kwanza kujiuliza kabla hujaanza kushangaa. Kuna tarehe zilizochaguliwa na watu wamekaa kikao, na kuna zilizogongana zenyewe bila mtu kujua. Ukizichanganya hizo mbili utapotea.

Chukua 5 Februari. Chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilianzishwa Zanzibar 5 Februari 1957, Azimio la Arusha likatangazwa 5 Februari 1967, TANU, chama cha Tanganyika, na ASP zikaungana kuzaa CCM 5 Februari 1977. Hapo 1977 waliiweka makusudi kabisa ili chama kipya kizaliwe siku ile ile ya ASP. Nenda Msumbiji sasa. FRELIMO, chama cha ukombozi cha huko, iliundwa Dar es Salaam 25 Juni 1962, na uhuru wa Msumbiji ukawa 25 Juni 1975, nayo ilipangwa. Na hapa watu wa Dodoma tusijione watazamaji, maana wapiganaji wa FRELIMO walikuwa na kambi pale Kongwa, pamoja na wenzao wa vyama vingine vya ukombozi, ANC, SWAPO, MPLA na ZAPU, kwa hiyo hiyo 25 Juni ina jasho la huku pia.

Yetu ya 9 Desemba ndo hivo hivo. Uhuru 1961, halafu mwaka mmoja baadae, 9 Desemba 1962, Tanganyika ikawa Jamhuri na Nyerere akawa Rais. Wakenya nao wakafanya mtindo huo huo, uhuru 12 Desemba 1963, Jamhuri 12 Desemba 1964. Serikali inapenda tarehe ambayo watu tayari wanaisherehekea, ni rahisi kukumbukwa na hauongezi sikukuu nyingine kwenye kalenda.

Mbona sisi wa Dodoma tunaiimba sana 26 Aprili kuliko watu wa mikoa mingine?

Kwa sababu kwetu ina mambo mawili. La kwanza ni la wote, Muungano wa 1964. La pili ni letu, 26 Aprili 2018 Rais Magufuli akiwa uwanja wa Jamhuri hapa hapa Dodoma kwenye sherehe za Muungano alitangaza kwamba Dodoma sasa ni jiji. Kuhamia Dodoma kuliamuliwa tangu 1973, yaani mzee aliyekuwa kijana wakati ule alisubiri miaka 45 kuisikia hiyo kauli. Mtu akikwambia tarehe hiyo ilitokea tu, mwambie hapana, ilisemwa siku hiyo kwa sababu ilikuwa siku hiyo.

Kilichogongana bila kupangwa ni vya mbali. 26 Aprili 1937 ndege za Kijerumani na Kiitalia zililipua mji wa Guernica kule Hispania wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe, na 26 Aprili 1986 mtambo namba 4 wa nyuklia wa Chernobyl ukalipuka usiku. Hakuna uzi wowote unaounganisha hayo na sisi, tunayaweka pamoja kwa sababu kalenda ndo imeyaweka.

Lakini mwalimu, Muungano si ulisainiwa tarehe 22?

Ndio, na nashukuru sana mnauliza hivi. Hati za Muungano zilisainiwa Zanzibar 22 Aprili 1964, Bunge la Tanganyika likaziridhia, Muungano ukaanza 26 Aprili, na jina la Tanzania lenyewe likaja 29 Oktoba mwaka huo huo, kabla ya hapo nchi ilikuwa ikiitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Tukio moja, tarehe tatu, zote sahihi. Azimio la Arusha pia, lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU mwishoni mwa Januari 1967 kule Arusha, likatangazwa 5 Februari. Ukiona watu wawili wanabishana tarehe, mara nyingi mmoja anaongelea siku ya kusaini na mwingine siku ya kutangaza.

12 Aprili ni Sokoine au ni mambo ya anga?

Ni vyote, na kwangu hii ndo tarehe nzito kuliko zote, ntaielezea kirefu.

12 Aprili 1961 Mrusi Yuri Gagarin aliruka na Vostok 1 kutoka Baikonur, akaizunguka dunia mara moja, safari yote dakika 108, binadamu wa kwanza kufika angani. Ndo maana dunia huadhimisha siku ya safari za anga. 12 Aprili 1981, miaka 20 kamili kwa tarehe, Wamarekani wakarusha chombo chao Columbia kwa mara ya kwanza. Hapo kila mtu anasema aah hii wamepanga, kumbe hapana, Columbia ilikuwa iruke tarehe 10, kompyuta zikagoma, wakaahirisha siku mbili ikaangukia 12. Huo ndo mfano ninaoupenda zaidi wa tarehe inayoonekana imepangwa na haikupangwa.

Sasa huku kwetu. 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alitoka Dodoma kwenye Bunge akielekea Dar es Salaam kwa barabara, akafia ajalini maeneo ya Dakawa, Morogoro. Alikuwa na miaka 45. Nchi ilikuwa kwenye ile vita dhidi ya wahujumu uchumi, yaani walanguzi na waficha bidhaa, ambayo yeye ndo alikuwa mbele, na watu wazima wa hapa mjini bado wanakumbuka walikuwa wapi redio iliposema. Aliyeutangaza msiba ni Mwalimu Nyerere mwenyewe, na angalia kalenda vizuri, Mwalimu alizaliwa 13 Aprili 1922, kwa hiyo alitangaza msiba wa Waziri Mkuu wake na kesho yake akatimiza miaka 62. Hiyo siku huwa nafikiria sana. Mwaka huo huo chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro kikaanzishwa kwa jina lake, SUA ile tunayoijua.

Kwa hiyo 12 Aprili ukiona watu wa nje wanaposti roketi na sisi tunaposti Sokoine, hakuna anayemnyang'anya mwenzie siku. Weka vyote viwili. Mtoto wa Monduli anayezaliwa leo anastahili kujua kwamba tarehe ile ile binadamu alitoka nje ya dunia, na mtoto wa Moscow naye anastahili kujua kulikuwa na Sokoine.

Na 24 Juni? Kuna mtu alisema ni tarehe ya ajali ya treni.

Ni kweli, 24 Juni 2002, Igandu, mkoani kwetu hapa. Treni ya abiria yenye watu zaidi ya elfu moja ilikuwa inapanda mlima, ikashindwa, ikaanza kurudi nyuma bila breki kushika, ikaenda ikashika kasi mpaka ikagongana na treni ya mizigo iliyokuwa inakuja nyuma yake. Walikufa watu 281. Kwa wale ambao hawakuwepo, elewa kwamba kipindi hicho treni ndo ilikuwa usafiri wa watu wa kawaida wa Dodoma, Tabora, Kigoma, Mwanza, kwa hiyo karibu kila mtaa ulikuwa na mtu anayemjua mtu aliyekuwemo.

Tarehe hiyo hiyo, 24 Juni 1859, kulikuwa na vita ya Solferino kaskazini mwa Italia. Mfanyabiashara mmoja Mswisi, Henry Dunant, alipita akakuta maelfu ya majeruhi wameachwa bila huduma, akaanza kuwakusanya watu wa vijiji vya karibu wasaidie bila kubagua askari wa upande gani, na wazo lake ndo likazaa Msalaba Mwekundu kule Geneva 1863. Naomba tu mkiposti Igandu msiweke zile picha za miili, kuna ndugu wanaona.

Kwa hiyo kuna tarehe zenye mkosi?

Hapana, na hapa nitatumia hesabu. Chukua watu 23 tu, waulize tarehe na mwezi wa kuzaliwa. Uwezekano wa wawili kati yao kufanana ni zaidi ya nusu, asilimia kama 50.7. Watu wengi wanagoma kuamini kwa sababu wanafikiria siku 365 ni nyingi sana kwa watu 23, wanasahau kwamba hatulinganishi mtu mmoja na wengine, tunalinganisha kila mtu na kila mtu, na watu 23 wanatoa jozi 253. Darasa la watu 60, ambalo huku kwetu ni darasa la kawaida kabisa, uwezekano unapita asilimia 99. Jaribuni darasani, mimi nimewafanyia wanafunzi wangu na wanapiga kelele kila mara wakiona wawili wamepatikana.

Sasa historia ya dunia ina matukio mangapi? Siku ni 366 tu ukihesabu na 29 Februari. Lazima yagongane, tena yagongane sana. Tarehe ambayo haina msiba wala sherehe popote duniani haipo, na ukiitafuta tarehe yako utaipatia mkosi ukitaka, au baraka ukitaka.

Vipi Wajerumani na 9 Novemba? Ile si imezidi?

Imezidi kweli. 9 Novemba 1918 Kaiser, mfalme wao, aliondolewa na Jamhuri ikatangazwa, 9 Novemba 1923 Hitler alijaribu kupindua serikali kule Munich akashindwa, 9 Novemba 1938 ukawa ule usiku wa kuvunja na kuchoma maduka na masinagogi ya Wayahudi, 9 Novemba 1989 ukuta wa Berlin ukafunguka. Ni Wajerumani hawa hawa ambao reli yao inapita hapa mjini kwetu.

Ila usiseme yote ni bahati tupu. Hitler mwaka 1923 aliijua vizuri maana ya 9 Novemba kwa Wajerumani, na 1938 wakuu wa Nazi walikuwa wamekusanyika Munich kuadhimisha lile jaribio la 1923, kwa hiyo tarehe moja iliizaa nyingine. Ya 1989 ndo iliyokuja yenyewe. Na kwa sababu ya uchafu wa 1938 Wajerumani wakaona haifai kuwa sikukuu ya kuungana kwao, wakachukua 3 Oktoba. Kwa hiyo tarehe inaweza kukataliwa pia, sio kuchaguliwa tu.

Ni kweli marais wa Marekani wanakufa 4 Julai?

Watatu. John Adams na Thomas Jefferson walikufa siku moja, 4 Julai 1826, miaka 50 kamili tangu Azimio la Uhuru wao lipitishwe, na wote wawili walihusika kuliandaa. James Monroe akafuata 4 Julai 1831. Jirani zetu Rwanda nao 4 Julai ni sikukuu, ndo siku wapiganaji wa RPF waliichukua Kigali mwaka 1994.

Nasikia Shakespeare na Cervantes walikufa siku moja. Kweli?

Tarehe moja ndio, siku moja hapana. Wote wameandikiwa 23 Aprili 1616, lakini Hispania walishahamia kalenda mpya ya Papa Gregori na Uingereza walikuwa bado kwenye ile ya zamani ya Julius, na kipindi kile kalenda hizo zilipishana siku 10. Shakespeare alikufa siku kumi baada ya ile 23 ya Hispania. Hata huyo Cervantes inaonekana alikufa tarehe 22 na 23 ni siku ya maziko.

Kalenda mpya ilipoanza, kule Italia na Hispania watu walilala 4 Oktoba 1582 wakaamka 15 Oktoba. Waingereza wakachelewa mpaka 1752, wakalala 2 Septemba wakaamka 14. Warusi ndo kabisa, mapinduzi yao ya 1917 yalitokea 25 Oktoba kwa kalenda yao, ambayo kwa yetu ni 7 Novemba. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha tarehe za zamani za nchi mbili, uliza kwanza zilikuwa zinatumia kalenda gani. Wahabeshi mpaka leo wana yao ya miezi 13.

Kwanini vitabu vingine vinasema mtu alikanyaga mwezini 20 Julai na vingine 21?

Kwa sababu ya masaa. Apollo 11 ilitua 20 Julai 1969, kwa saa za kwetu ilikuwa saa 5 na dakika 17 usiku. Neil Armstrong alivyoshuka ngazi na kukanyaga, Marekani bado ilikuwa usiku wa tarehe 20, huku Afrika Mashariki ilishafika saa 11 na dakika 56 alfajiri ya tarehe 21. Yaani kwa Tanzania chombo kilitua jana, mwezi ukakanyagwa leo, wote wako sahihi. Pearl Harbor, pale Japani ilipoishambulia kambi ya jeshi la majini la Marekani, ni ishu ile ile, Hawaii ilikuwa 7 Desemba 1941 na Japani ilikuwa 8 Desemba. Mimi natumia tarehe ya mahali tukio lilipotokea, basi, ukichanganya utachanganyikiwa.

Rais Mwinyi tunamkumbuka lini, maana 29 Februari haipo kila mwaka?

Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais wetu wa pili, alifariki 29 Februari 2024 akiwa na miaka 98. Ni tarehe inayorudi 2028, halafu 2032. Miaka ya katikati wengine wanachukua 28 Februari, wengine 1 Machi, hakuna sheria. Mimi naweka 28 ili ibaki ndani ya Februari. Na kwa wale wanaopenda kulinganisha, Mzee alizaliwa 8 Mei 1925, siku aliyotimiza miaka 20 ndo ile 8 Mei 1945 vita vya pili viliisha Ulaya.

Saba Saba na Siku ya Kiswahili kuwa pamoja?

Imechaguliwa. TANU ilizaliwa 7 Julai 1954, ikakitumia Kiswahili kuunganisha watu, na UNESCO walipotangaza 2021 siku ya Kiswahili duniani wakachukua hiyo 7 Julai. Nane Nane ni ya wakulima, na wengi mnaijua kwa viwanja vya maonesho vya Nzuguni. Ila ikifika 7 Agosti, kabla hujavaa kofia ya maonesho, kumbuka kwamba 7 Agosti 1998 balozi za Marekani Dar es Salaam na Nairobi zililipuliwa asubuhi moja, karibu kwa wakati mmoja.

Idd nayo unaiwekaje?

Siiweki kwa tarehe ya kizungu. Mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi, unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na siku yenyewe inaanza magharibi jua likizama. Tukio la Kiislamu linalingana na tukio lingine la Kiislamu kwa kalenda yake.

Mbona huweki matukio ya Wagogo wenyewe, ya kabla ya Dodoma kuwa makao makuu?

Swali hili linaniuma kwa sababu ni la haki. Tarehe zinazobaki ni za watu walioandika, yaani serikali, kanisa, jeshi, magazeti. Njaa kubwa ya Mtunya, ile ya 1917 mpaka 1920 hivi, iliangamiza watu wa Ugogo kuliko tukio lolote nililolitaja hapo juu kwa upande wetu. Majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipita humu yakachukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, halafu mvua ikakataa. Sasa niambie niiweke tarehe gani? Njaa haina asubuhi ya kuanza. Hakuna aliyesaini hati ya Mtunya.

Ndo maana nimeamua kuipa mwezi badala ya siku, naiandika kila Novemba tunapoangalia mawingu, pamoja na ile 11 Novemba 1918 ambayo Ulaya husherehekea kwisha kwa vita ya kwanza ya dunia. Wao walikuwa wanapiga kengele, huku watu walikuwa wanachimba mizizi ya kula. Na hata vita yenyewe Afrika Mashariki haikuisha siku hiyo, jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilisalimisha silaha 25 Novemba kule Abercorn, inayoitwa Mbala sasa, Zambia.

Nitajuaje tarehe ni ya kweli kabla sijaiposti?

Tafuta sehemu mbili ambazo hazijanakiliana. Ukigugo utakuta kurasa kumi zenye sentensi ile ile, hizo zote ni moja. Gazeti la kesho yake ni zuri sana, ila angalia lisije likawa linasema "jana". Jiwe la kaburi ni zuri, hotuba ya Bunge ni nzuri maana imeandikwa siku yake. Tukio la usiku hakikisha ni usiku wa kuamkia au usiku wa siku yenyewe, hapo ndo makosa mengi yanapoingia, msiba wa saa 8 usiku watu wanausema wa jana yake.

Naweza kukutumia tukio la kijijini kwetu, ni dogo?

Tuma, hata kama ni kisima cha kwanza, shule kufunguliwa, au mafuriko yaliyobeba daraja. Andika kijiji na wilaya, mwaka, tarehe kama ipo, na nani amekwambia au umeona wapi. Kama mzee anakumbuka msimu tu, mfano "wakati wa kuvuna uwele, mwaka ule wa operesheni vijiji", andika hivo hivo alivyosema, usimtungie tarehe.